Damu ya mtoto inatoka kwa wazazi wawili

Juma hili tunaweka kando kidogo mambo ya masomo ya watoto na kuingia ndani ya damu yao. Swali lilitufikia kutoka kwa mama wa kikundi kimoja cha likelemba, na tunajua kwamba si swali lake peke yake. Mtoto wake alizaliwa mzima, akanyonya vizuri, akanenepa. Alipokaribia miezi minane, vidole vya mikono na miguu vikavimba, macho yakageuka manjano, na tangu pale njia ya hospitali imekuwa njia yao ya kila mwezi. Munganga ameandika kwenye kartasi herufi mbili tu: SS. Nyumbani kwa bwana wake wanasema ugonjwa huo haujaonekana hata siku moja katika ukoo wao. Basi mama ndiye aliyeuleta, ao kuna mtu wa upande wake aliyemroga mtoto. Sasa anauliza: "Ni kweli ilitoka kwangu?"

Jibu fupi ni hili: hapana, haikutoka kwako peke yako, na hakuna mtu aliyemroga mtoto. Lakini tunajua kwamba jibu fupi halitoshi mbele ya mama mkwe na mashemeji. Inafaa ujue sababu yenyewe, ili uweze kuieleza kwa mdomo wako bila kutetemeka. Sababu hiyo iko ndani ya kitu kidogo kuliko punje ya unga: chembe nyekundu ya damu.

Mbebaji asiyeonja mzigo wake

Ukiangalia damu kwa macho, unaona maji mekundu. Chini ya mikroskopi si hivyo. Ni maji yenye rangi ya manjano hafifu, na ndani yake mnaelea chembe nyingi mno. Zilizo nyingi kupita zote ni nyekundu, na ndizo zinazoipa damu rangi yake. Katika damu ya mwanamke mwenye afya, tone dogo sana lenye milimita moja kila upande lina chembe nyekundu kati ya milioni 4 na milioni 5. Ukizipanga kwa mstari, zinahitajika kama 130 ili kujaza milimita moja ya rula ya mtoto wako.

Umbo lake ni la mviringo, kama andazi ulilolibonyeza katikati kwa vidole, upande wa juu na upande wa chini, bila kulitoboa. Umbo hilo lina faida. Linaipa chembe ngozi kubwa ya kupitishia hewa. Tena linaifanya iwe laini, iweze kujikunja. Maana mishipa iliyo midogo kuliko yote mwilini, mahali fulani ni membamba kuliko chembe yenyewe. Chembe inajikunja, inapita, kiisha inarudia umbo lake.

Kazi yake ni gani? Hapa Bukavu kila asubuhi tunaona mama wanaopanda vilima na mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Chembe nyekundu ni mbebaji wa namna hiyo. Mzigo wake ni oksijeni, ile sehemu ya hewa ambayo bila yenyewe hatuwezi kuishi. Anaipakia kwenye mapafu, moyo unamsukuma, naye anaishusha kwenye ubongo, kwenye misuli, kwenye figo, na kwa mtoto aliye tumboni kupitia kondo la nyuma. Wakati wa kurudi anasaidia kuondoa hewa chafu ambayo mwili umeshaitumia.

Mbebaji huyu ana jambo la kushangaza. Anazaliwa ndani ya mifupa, katika ile sehemu laini inayoitwa uboho. Pale mwanzoni ana kiini ndani yake, kama chembe zingine za mwili. Lakini anapokomaa anakitupa nje, pamoja na vile vyombo vya ndani vinavyotumia oksijeni. Anaacha nafasi kwa mzigo. Na kwa kuwa vyombo hivyo havipo tena, hatumii hata kidogo oksijeni anayoibeba. Anaishi kwa sukari iliyo katika damu. Ni kama mama anayebeba mfuko wa unga wa watu kutwa nzima bila kuonja hata kijiko kimoja.

Lakini bila kiini, chembe haiwezi kujitengeneza inapochakaa. Inaishi siku karibu 120, kiisha inavunjwa, zaidi kwenye bandama na kwenye ini. Ndiyo sababu uboho haupumziki: unatengeneza chembe mpya zaidi ya milioni 2 kila sekunde. Mwili ni mama wa nyumba mwangalifu. Chuma cha chembe iliyovunjwa kinahifadhiwa na kutumiwa tena. Mabaki mengine yanageuka kuwa kitu cha manjano, ambacho ini linakitoa nje. Tafadhali shikeni neno hilo la manjano, tutalihitaji.

Ndani ya chembe moja mna vikapu vya kubebea, karibu milioni 270. Vikapu hivyo vinaitwa hemoglobini. Kila kimoja kina vipande 4 vya chuma, na kila kipande kinashika oksijeni moja. Ndiyo maana tunawakumbusha wajawazito wasikose maharagi, lengalenga, sombe na sambaza: bila chuma vikapu ni vichache, na mama anachoka kabla hajafika nusu ya kilima.

Herufi moja iliyobadilika

Hemoglobini ya watu wengi inaitwa A. Kuna nyingine inaitwa S. Tofauti yake ni ndogo sana. Katika mnyororo mmoja wa hemoglobini wenye vipande 146, kipande cha 6 kimebadilishwa na kingine. Ni hiyo tu. Mwanafunzi akiandika "bata" mahali pa "baba", amebadilisha herufi moja, lakini sentensi nzima imeharibika.

Hemoglobini S inapobeba oksijeni haina matata. Matata yanaanza inaposhusha mzigo. Pale vikapu vya S vinagandamana, vinajipanga kama fimbo ngumu, na fimbo hizo zinaisukuma ngozi ya chembe kutoka ndani. Andazi letu la mviringo linageuka kuwa kama mundu, ao kama mwezi mchanga. Mwaka 1910, James Herrick, munganga wa Chicago kule Marekani, aliandika juu ya chembe za namna hiyo alizoziona katika damu ya mwanafunzi kijana kutoka kisiwa cha Grenada. Ugonjwa wenyewe ulikuwa Afrika zamani sana kabla ya hapo. Lakini tangu siku zile umbo hilo linajulikana vitabuni, na ndilo lililoupa ugonjwa jina lake, drepanositozi, ambalo wengi wetu tunalifupisha kuwa SS.

Sasa angalieni namna umbo peke yake linavyoeleza kila dalili ya mtoto.

Chembe yenye umbo la mundu ni ngumu, haijikunji. Inafika kwenye mshipa mwembamba na kukwama, na zinazofuata zinakwama nyuma yake, kama wabebaji kwenye ngazi nyembamba wakati mmoja ameanguka na mzigo wake. Sehemu iliyo mbele haipati oksijeni, nayo inalia kwa maumivu. Kwa mtoto mdogo mara nyingi ni vidole vya mikono na miguu. Kwa mkubwa ni mapaja, mgongo, kifua, tumbo.

Tena, chembe hiyo inachakaa upesi. Mahali pa siku 120, inaishi siku 10 mpaka 20 hivi. Uboho unakimbia lakini haufiki, na mtoto anabaki na damu kidogo. Chembe nyingi zinazovunjika zinaacha kile kitu cha manjano kwa wingi. Hayo ndiyo macho ya manjano. Si jicho baya la jirani.

Na kwa nini alizaliwa mzima? Kwa sababu mtoto akiwa tumboni anatumia hemoglobini nyingine, ya watoto wachanga, ambayo haigandamani. Inaendelea kumlinda miezi ya kwanza, kiisha inapungua polepole na ile ya wazazi inachukua nafasi yake. Karibu na miezi sita, S inajionyesha. Familia inasema, "Alikuwa mzima, halafu shangazi fulani akaja kutembea." Hapana, mama zetu. Shangazi alikuja tu wakati hemoglobini ilikuwa inabadilika.

Maharagi kwenye vikombe viwili

Hapa ndipo tunapofika kwa swali lenyewe. Tufanye kama tunavyofanya darasani. Chukueni vikombe viwili, haragi moja jeupe na moja jekundu katika kila kikombe. Kikombe cha kwanza ni baba, cha pili ni mama. Haragi jeupe ni A, haragi jekundu ni S. Kila mtu hapa duniani ana maharagi mawili ya hemoglobini: moja alipewa na baba yake, moja alipewa na mama yake.

Mtu mwenye moja jeupe na moja jekundu anaitwa AS. Haonekani mgonjwa. Analima, anabeba mizigo, anazaa, anazeeka, bila kujua kitu. Kwa sababu hiyo ukoo unaweza kusema kwa moyo safi, "Kwetu ugonjwa huu hatuujui," na wakati ule ule haragi jekundu limepita toka kwa babu hadi mjukuu bila kuonekana.

Sasa funga macho, chukua haragi moja katika kila kikombe. Huyo ndiye mtoto wa kwanza. Rudisha maharagi, changanya, chukua tena. Fanyeni mara nyingi na muandike. Mtaona kwamba mara moja kwa nne hivi yanatoka meupe mawili: mtoto ni AA. Mara mbili kwa nne, moja la kila rangi: mtoto ni AS kama wazazi wake. Na mara moja kwa nne, mekundu mawili: mtoto ni SS.

Angalieni vizuri. Ili mtoto awe SS, sherti haragi jekundu litoke katika kikombe cha baba, na jingine katika kikombe cha mama. Kikombe kimoja hakitoshi. Kwa hiyo mtu anayemfukuza bibi yake juu ya mtoto SS anamfukuza kwa jambo ambalo yeye pia alilitoa, nusu kwa nusu. Na wala si kosa la yeyote kati yao. Hakuna aliyechagua haragi.

Jambo lingine: kila mimba ni kuchagua upya. Wengine wanafikiri kwamba mtoto wa kwanza akiwa SS, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Si hivyo. Maharagi yanarudishwa vikombeni kila mara. Nyumba moja inaweza kupata watoto wanne wazima, na nyingine ikapata wawili SS wakifuatana.

Tusiwadharau watu wa AS. Mwaka 1954, mtaalamu Anthony Allison, aliyefanya utafiti katika Kenya na Uganda, alionyesha kwamba watoto wa AS wanalindwa zaidi na malaria kali. Ndiyo sababu haragi jekundu ni nyingi katika nchi za mbu kama yetu. Kule Kinshasa walipima damu ya watoto wachanga zaidi ya elfu 31, na matokeo yakatangazwa mwaka 2009: karibu 17 kwa kila 100 walikuwa AS, na zaidi kidogo ya 1 kwa kila 100 walikuwa SS. Mama mwenye mtoto SS hayuko peke yake hata kidogo. Katika kanisa lililojaa watu, wenye AS wako karibu kila benchi.

Kupima, na kupima vizuri

Katika vituo vyetu vingi vya afya kuna kipimo cha bei ndogo kinachoitwa Emmel. Kinaonyesha kama damu ina S, lakini hakisemi kama mtu ni AS ao SS, na kwa mtoto mchanga kinaweza kudanganya. Kwa hiyo, Emmel ikionyesha kitu, usilie bado na usifurahi bado. Uliza mahali gani wanafanya kipimo cha elektroforezi, kile kinachotenganisha A na S. Matokeo yake yawekwe pamoja na kartasi ya chanjo, yasipotee.

Na vijana wetu wanaotaka kuoana? Tunauliza mahari, tunauliza ukoo, tunauliza dini. Tuulize na herufi. AS akioana na AA, hakuna mtoto SS kati yao. AS na AS, ni yale maharagi tuliyocheza. Kujua mapema si kuvunja harusi. Ni kuwapa vijana nafasi ya kuamua wakiwa na macho wazi. Na baba apimwe pamoja na mama, siku moja, benchi moja. Akikataa, mwambieni kwa upole kwamba kipimo hicho hakitafuti mwenye kosa.

Mtoto SS nyumbani na shuleni

Mtoto huyu anaweza kukua, kusoma na kufanya kazi, kama tukilinda chembe zake zisigeuke mundu. Anywe maji mengi kila siku, na zaidi kukiwa na joto ao homa. Asilowe mvua na kubaki na nguo mbichi. Baridi inaamsha maumivu. Alale ndani ya chandarua. Apate chanjo zote, ile ya pneumokoki ikiwemo, kwa sababu bandama yake inaharibika mapema na haimlindi vizuri na mikrobi. Kwa sababu hiyo hiyo munganga anaweza kumpa penisilini kila siku mpaka afikishe miaka mitano. Asidi foliki inasaidia uboho kutengeneza chembe mpya.

Tunataka muangalie jambo la chuma. Kwa mama mjamzito aliyekosa chuma, vidonge vya chuma ni msaada mkubwa. Kwa mtoto SS ni tofauti: chembe zake zinavunjika, lakini chuma chake kinabaki mwilini, na akiongezewa damu kinazidi tena. Kikizidi kinaharibu ini na moyo. Usimpe chuma mpaka munganga apime na kusema. Na kumchanja kwa wembe mahali panapouma hakutoi chembe iliyokwama. Kunamwaga damu ambayo tayari ni kidogo, na kufungua mlango kwa mikrobi.

Kuna dawa inayoitwa hidroksiyurea, inayouamsha mwili kutengeneza tena ile hemoglobini ya utotoni. Utafiti uliofanywa kwa watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kenya, Uganda na hapa kwetu Kinshasa, ambamo Profesa Léon Tshilolo alikuwa mmoja wa viongozi, ulitangazwa mwaka 2019. Maumivu yalipungua, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua, na vifo vilipungua. Haiondoi ugonjwa, na inataka damu ipimwe mara kwa mara. Isinunuliwe sokoni. Iulizwe hospitalini.

Kimbilieni hospitali bila kungoja asubuhi kama mtoto ana homa ya 38,5 ao zaidi, kama amekuwa mweupe ghafla viganjani na midomoni, kama tumbo limevimba upande wa kushoto, kama anapumua kwa shida ao kifua kinauma, ao kama mkono, mguu ama mdomo umelegea upande mmoja. Mkifika, semeni neno la kwanza: "Mtoto huyu ni SS."

Kwa walimu wenzetu, na kwa wazazi wanaozungumza na walimu: mtoto SS awe na chupa yake ya maji darasani, na aruhusiwe kutoka kwenda kukojoa kila anapoomba. Figo zake hazijui kubana maji. Kwa sababu hiyo hiyo asipigwe juu ya kukojoa kitandani. Asiadhibiwe kwa kukimbizwa ao kupigishwa magoti juani. Akikosa siku tatu juu ya maumivu, tumpelekee somo nyumbani.

Kazi ya juma hili: kila kikundi kwenye mkutano wake kilete vikombe viwili na maharagi manne, na kila mama aje na bwana wake, ao mama mkwe wake kama anakubali. Wachague maharagi wao wenyewe kwa mkono wao. Mtu akiona mekundu mawili yanatoka katika vikombe viwili mara tatu, nne, hahitaji tena hotuba yetu. Na wewe mama uliyetuandikia, anza na mama mkwe wako. Mpe yeye kwanza kikombe cha mtoto wake wa kiume.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kuongezewa damu: makundi ya damu, na maswali ambayo mzazi ana haki ya kuuliza kabla mfuko haujafunguliwa. Mwenye swali alilete kwa katibu wa kikundi chake. Kaeni salama.